Kabla hujasema jeshi liende Sudan



Najua umeziona zile video za El Fasher. Hata mimi niliziona. Nilizifuta kwenye simu usiku, asubuhi nikazitafuta tena. Kwa hivyo sikuandikii ili nikwambie upoe moyo.

Nakuandikia kwa sababu ya swali moja. Siku chache baada ya mji ule kuanguka, mwezi wa Oktoba 2025, tulikaa na vijana kwenye baraza ya msikiti baada ya Ijumaa. Ajenda ilikuwa vitambulisho, kama kawaida yetu. Ajenda ikafa dakika ya kumi. Kijana mmoja, sidhani amefika miaka ishirini, alisimama akasema: Misri ina jeshi. Uturuki ina jeshi. Pakistan ina jeshi na bomu la nyuklia juu yake. Hata sisi Kenya tuna jeshi, na Somalia tulilipeleka. Sasa mbona hakuna anayekwenda Sudan kuwaokoa watu?

Watu wakapiga takbir. Mimi nilinyamaza, na nimejuta kunyamaza. Haya ndiyo ningemjibu.

Jibu langu ni hapana. Sitaki jeshi la Kenya, wala la nchi nyingine yoyote, liingie Sudan kupigana. Na wewe sitaki uliitishe. Nipe dakika chache, kisha ukatae ukitaka.

Kwanza tuelewane hivi ni vita vya nani, maana mtaani nasikia watu wakivieleza kama Waislamu na makafiri, wengine kama Waarabu na Waafrika na basi. Vilianza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, katika siku za mwisho za Ramadhani. Upande mmoja ni jeshi la taifa chini ya Jenerali Abdel Fattah al-Burhan. Upande wa pili ni wanamgambo wa RSF chini ya Mohamed Hamdan Dagalo, yule anayeitwa Hemedti. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2021, wawili hao walikuwa kitu kimoja: waliipindua pamoja serikali ya mpito iliyokuwa na raia ndani yake, ile ambayo vijana wa Sudan waliipigania barabarani mpaka Bashir akaondoka. Baadaye wakashindwa kugawana walichonyakua. Wote wawili wanaswali kuelekea kibla kimoja.

RSF inatokana na Janjaweed, waliochoma vijiji vya Darfur kuanzia mwaka 2003. Walichofanya El Fasher umekiona. Waliuzingira mji karibu mwaka mmoja na nusu mpaka watu wakala mashudu ya karanga, chakula cha mifugo, halafu wakaingia. Shirika la Afya Duniani lilisema kuna ripoti za watu zaidi ya 460, wagonjwa na waliokuwa wakiwauguza, waliouawa katika hospitali moja ya uzazi. Lakini jeshi nalo limeangusha mabomu kwenye masoko Darfur yakiwa yamejaa watu. Uzito wa makosa haulingani, hilo nakubali. Ila ukisema jeshi liende, lazima useme linakwenda kumsaidia nani, na yule utakayemsaidia atafanya nini siku ya pili.

Sasa turudi kwetu, maana kijana yule alitaja Somalia kama mfano mzuri.

Mwaka 2011 nilikuwa darasa la nane. Katikati ya Oktoba, vikosi vyetu vilivuka mpaka, operesheni ikaitwa Linda Nchi. Sababu zilizotolewa hazikuwa za uongo. Mtalii Mwingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akatekwa. Mwanamke Mfaransa akachukuliwa kisiwani Manda. Kisha wafanyakazi wawili wa misaada wakatekwa Dadaab. Nani angesema tukae tu? Shuleni tulishangilia. Mwalimu alituchorea ramani ubaoni akatuonyesha Kismayu, na sote tulidhani kufikia Krismasi askari watakuwa nyumbani.

Mpaka leo wako kule. Misheni imebadilisha majina, AMISOM ikawa ATMIS, ATMIS ikawa AUSSOM, lakini askari wetu bado wako Somalia. Wewe uliyezaliwa mwaka ule wa 2011 sasa uko sekondari. Kama mpango wa kurudi ulikuwepo, sisi wananchi hatukuuona.

Na kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Katiba yetu, Kifungu cha 240, inasema Baraza la Usalama wa Kitaifa linaweza kupeleka vikosi nje ya nchi kwa idhini ya Bunge. Mwaka 2011 askari walivuka kwanza. Serikali ikasema hiyo ni haki ya kujilinda chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, na Bunge likaja kuombwa idhini baadaye, tulipokuwa tunajiunga na AMISOM. Katiba ilikuwa na mwaka mmoja tu, wino haujakauka.

Haki nayo isemwe. Kismayu ilichukuliwa mwaka 2012, na Al-Shabaab wakapoteza bandari iliyokuwa ikiwalisha. Si jambo dogo. Lakini hata hapo fuata pesa uone. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepiga marufuku makaa kutoka Somalia. Baada ya Kismayu kuchukuliwa, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba makaa yaliendelea kutoka kupitia bandari ileile, na wakalitaja jeshi letu. Jeshi likakanusha. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Nasema tu vita vikikaa muda mrefu, watu huanza kuvifanyia biashara.

Kisha vita vikaja nyumbani. Westgate, Septemba 2013, watu 67. Mpeketoni, Juni 2014. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri wako. Dusit, Januari 2019, watu 21. Usinielewe vibaya. Aliyewapanga wanafunzi sakafuni Garissa na kuwapiga risasi hana udhuru wowote, si kwa Mungu si kwa watu, na dhambi yake haimwangukii askari wa Kenya. Lakini tuliambiwa tunavipeleka vita mbali na sisi, na haikuwa hivyo.

Bili ya pili tulilipa sisi. Baada ya Westgate nilikuwa kidato cha pili. Asubuhi moja makanga alininyooshea mkono mlangoni mwa matatu akaniambia, wewe na hilo buibui subiri ingine. Gari ilikuwa na viti vitupu vitatu. Nilivihesabu. Mwaka uliofuata, Aprili 2014, ikaja operesheni ya Usalama Watch na maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, wakakamatwa. Uwanja wa Kasarani, ule ule tuliojaza juzi kwa CHAN, ukageuzwa mahabusu. Walikuwemo wakimbizi waliovikimbia vita vile vile ambavyo sisi tulikuwa tumeviingia.

Kwa hivyo mtu akiniambia tupeleke jeshi Sudan, mimi nafikiria wanafunzi wa Kisudani wanaosoma hapa Kenya, na familia zilizopanga nyumba Nairobi tangu 2023. Bomu la kwanza likilipuka, ni mlango wa nani utakaogongwa usiku?

Tena kuna El Adde. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu ilivamiwa alfajiri. Waandishi wa habari waliochunguza walihesabu wanajeshi zaidi ya 140 waliouawa. Serikali haijawahi kutangaza rasmi idadi. Wale askari wana mama zao, wengine ni Waislamu, wengine ni majirani zako, na miaka yote hii mama anaambiwa mwanawe alikufa shujaa lakini haambiwi alikufa pamoja na wangapi wala kwa kosa la nani. Kama hatuwahesabu wetu hadharani, raia wa Darfur watakaouawa na risasi yetu kwa bahati mbaya nani atawahesabu?

Najua utakachosema. Utasema, dada, na wale wanaokufa sasa hivi? Utanitajia Srebrenica, Julai 1995: Waislamu wa Bosnia zaidi ya 8,000, wanaume na wavulana, waliuawa katika mji uliotangazwa kuwa salama, askari wa Umoja wa Mataifa wakiwa pale pale. Utanitajia Rwanda. Na kama umeifuatilia Darfur vizuri utanipa hoja ngumu zaidi ya zote: El Fasher ilikuwa makao makuu ya UNAMID, kikosi cha pamoja cha Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika, ambacho kuna wakati kilikuwa na askari na polisi zaidi ya 20,000. Kazi yake ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020. Miaka miwili na nusu baadaye, El Geneina, watu wa kabila la Masalit wakachinjwa kwa maelfu.

Hoja hiyo imeninyima usingizi, na sitajifanya nina jibu lake lote. Ila naomba tutofautishe vitu viwili ambavyo tunavichanganya tukiwa na hasira. Kuna jeshi la nchi moja au mbili linaloingia kumsaidia upande mmoja kushinda. Na kuna kikosi kisicho na upande, chenye kibali cha Umoja wa Mataifa, kinachosimama kati ya raia na muuaji. Tume ya Umoja wa Mataifa ya kuchunguza ukweli kuhusu Sudan ilipendekeza kikosi cha aina hiyo ya pili mwezi wa Septemba 2024. Serikali ya Burhan ilikataa. Kikosi kama hicho kikija, kwa kuombwa na raia wa Sudan wenyewe, na Bunge letu likapiga kura mchana kweupe kabla askari hajapanda ndege, mimi sitaandamana kukipinga. Kile ambacho vijana walipigia takbir pale barazani ni ile aina ya kwanza.

Na aina ya kwanza ilishajaribiwa jirani na Sudan. Machi 2011, Baraza la Usalama liliruhusu nguvu zitumike Libya kuwalinda raia. Ndege za NATO zikapaa kwa jina la raia wa Benghazi, zikaendelea mpaka Gaddafi akauawa tarehe 20 Oktoba, wiki ile ile askari wetu walikuwa wanaingia Somalia. Simlilii Gaddafi. Lakini angalia Libya leo: ina serikali mbili, na kusini mwake ni jangwa. Wachunguzi wanasema njia mojawapo ya kupitishia silaha na mafuta kwenda kwa RSF ni jangwa hilo hilo. Benghazi iliokolewa kwa namna ambayo El Fasher inailipia.

Kijana mmoja alinitajia Surat al-Hujurat, aya ya 9, kuhusu makundi mawili ya waumini yanayopigana. Mimi si sheikh na sitajifanya. Lakini isome kwa mpangilio wake. Inaanza na kupatanisha, ndipo inafika kwa anayedhulumu mwenzake, na inarudi tena kwenye kupatanisha kwa uadilifu. Sisi tumeruka mwanzo na mwisho tukashika katikati peke yake. Na hao tunaowaomba wapeleke majeshi, wangapi wao wangekaa mezani kama wapatanishi bila mtu kuwaonyesha picha za silaha zao?

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Sudan haikosi majeshi ya nje. Majeshi ya nje yako Sudan tayari, ila yamekuja bila bendera. Umoja wa Falme za Kiarabu umetuhumiwa kuwapa RSF silaha kupitia Chad. Unakana kila siku, lakini wataalamu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2024 walisema tuhuma hizo zina uzito. Mamluki kutoka Colombia wamepigana Darfur, watu waliovuka bahari nzima kwa ajili ya mshahara. Upande wa Burhan kuna Misri nyuma yake, na kuna droni za Iran na za Uturuki. Dhahabu ya Sudan nayo inaishia kwa wingi Dubai, na inagharamia risasi. Sasa rudi kwenye orodha ya kijana wetu: Misri, Uturuki... Hao si watazamaji, ndugu yangu. Ukiwaita waingie vitani unawaita mahali walipo.

Na sisi je?

Januari 2024 Hemedti alipokelewa Ikulu ya Nairobi. Februari 2025 RSF na washirika wake walikutana KICC, katikati ya mji wetu, wakatia saini mkataba wa kuunda serikali yao ya pembeni. Serikali yetu ikasema inatoa tu jukwaa la mazungumzo. Sudan ikamwita balozi wake nyumbani, kisha ikafunga mlango kwa bidhaa za Kenya, chai ikiwemo, na Sudan ilikuwa soko kubwa la chai yetu. Mkulima wa Kericho akalipia mkutano ambao hakualikwa. Wakati huo El Fasher ilikuwa imeshazingirwa miezi tisa, na njaa ilikuwa imeshatangazwa katika kambi ya Zamzam pembeni yake. Mimi naita hiyo kuingilia vita vya watu. Hatukutuma bunduki hata moja, tulitoa ukumbi, viti na maji ya chupa.

Pale KICC hakuna aliyepiga takbir wala kuandamana kwa wingi, nami nimo. Tulikuwa tunafunga virago vya Shaabani, tunangoja mwezi. Tulikuwa na nafasi ya kusema kitu kwa serikali ambayo inatusikia, katika mji ambao tunaishi, kuhusu kundi ambalo tulijua ni nani. Sasa tunataka jeshi la Pakistan.

Kuna Wasudani ambao hawakungoja jeshi la mtu. Vijana waliokuwa kwenye kamati za mitaa wakati wa mapinduzi ya 2019 waligeuza kamati zao kuwa vyumba vya dharura. Wanapika kwenye jiko la pamoja, takiya wanaiita, wanabeba wagonjwa, wanatafuta maji. Wamekamatwa na kuuawa na pande zote mbili. Ukitafuta pa kupeleka sadaka yako, anza na watu wa aina hiyo, kupitia Wasudani unaowajua na unaoweza kuwauliza pesa ilifika wapi. Usitume kwa namba ya M-Pesa uliyoiona tu chini ya video.

Nikimaliza kuandika hapa nampigia kijana yule wa barazani. Nimeshamtafutia ofisi ya mbunge wake iko wapi, na Jumatatu twende pamoja, yeye ndiye ataongea. Tumeandaa maswali matatu. Nani aliruhusu mkutano wa KICC, na Bunge liliambiwa nini? Je, Kenya itaunga mkono marufuku ya silaha ya Umoja wa Mataifa, ambayo mpaka sasa ni ya Darfur peke yake, ienezwe Sudan nzima, na itataja wazi nchi zinazoivunja? Na watoto wa Kisudani walioko Nairobi, ambao karatasi zao zimekwisha muda, wataingia shule Januari kwa stakabadhi gani?

Kama mbunge wako ni mwingine, yachukue hayo hayo umpelekee. Nenda na mwenzako, muombe jibu la maandishi, na mkinyimwa andikeni siku, saa na jina la aliyewanyima.

Ya vitambulisho tutamalizia Ijumaa ijayo, inshaallah. Njooni na cheti cha kuzaliwa.